Dawa Imetoka Kwenye Nyama, Usugu Umebaki

Mfugaji wa kuku wa nyama anayemaliza kozi ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, akahesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, ndipo akachinja, amefanya jambo la lazima. Lakini amejibu swali moja tu: je, dawa ingali ndani ya nyama? Swali la pili, yaani bakteria waliobaki tumboni mwa kuku huyo wamebeba nini, halijaguswa kabisa. Maswali haya mawili huchanganywa kila siku, kwenye maduka ya dawa za mifugo, kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji, hata kwenye ripoti za wataalamu. Gharama yake ni kubwa. Tunapima masalia ya dawa, tunakuta yako chini ya kiwango, tunalala usingizi.

Tuanze na masalia. Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya chakula vya kimataifa, imeweka kiwango cha juu cha oksitetrasaiklini kuwa mikrogramu 200 kwa kilo ya mnofu, 600 kwa kilo ya ini, 1,200 kwa figo na 400 kwa mayai. Kwa mnofu wa samaki ni 200 vilevile. Siku za kusubiri hupigiwa hesabu ili dawa ishuke chini ya viwango hivyo. Dawa ni kemikali, mwili unaitoa, na kila siku inayopita inapungua.

Jeni ya usugu, yaani inayomwezesha bakteria kustahimili dawa, haiko hivyo. Ni kipande cha DNA ndani ya bakteria aliye hai, na kila bakteria huyo anapogawanyika, kila mmoja wa wale wawili anapata nakala yake. Gramu moja ya kinyesi cha kwenye sika, vile vifuko viwili virefu vilivyo karibu na mwisho wa utumbo wa kuku, kwa kawaida ina mamilioni ya E. coli, bakteria wa matumbo. Dawa haiumbi jeni. Inaua wasio nayo, na walio nayo wanabaki na nafasi yote na chakula chote. Kozi inapoisha ndipo wanapokuwa wengi zaidi kwa uwiano, na siku tano au saba za kusubiri hazitoshi kuwarudisha wale wengine. Tena plasmidi nyingi, yaani zile duara ndogo za DNA zinazobeba jeni hizi nje ya kromosomu, zina namna ya kujilinda zisipotee. Plasmidi hutengeneza sumu na kiuasumu kwa pamoja. Bakteria akizaliwa bila plasmidi, kiuasumu kinaisha upesi, sumu inabaki, naye anakufa. Kwa hiyo wanaosalia ni wale walioishika plasmidi yao, dawa iwepo isiwepo.

Kisa cha kolistini kinaonyesha jambo hili kuliko kingine chochote ninachokijua. Kolistini ni dawa ya zamani, ya miaka ya 1940, inayotokana na bakteria wa udongo aitwaye Paenibacillus polymyxa. Hospitali ziliiweka kando kwa muda mrefu kwa sababu inaumiza figo, kisha zikairudia pale bakteria waliposhinda hata karbapenemu, antibiotiki za akiba. Wakati huohuo nguruwe na kuku walikuwa wakilishwa kolistini kwa tani nyingi ili wanenepe. Wengi hawakuwa na hofu, kwa sababu usugu uliojulikana ulitokana na mabadiliko kwenye kromosomu ya bakteria mwenyewe, na mabadiliko ya namna hiyo hayahami kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine.

Novemba 2015, Yi-Yun Liu, Jianzhong Shen na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet Infectious Diseases habari za E. coli aliyeitwa SHP45, aliyetoka kwa nguruwe wa shamba kubwa huko Shanghai mwaka 2013. Jeni yake ya usugu, waliyoipa jina mcr-1, ilikuwa kwenye plasmidi ya jozi za besi zipatazo 64,000, na ilihama. Maabara walipowachanganya bakteria hao na wengine, kati ya mmoja katika kumi na mmoja katika elfu wa wapokeaji aliichukua. Waliikuta katika sampuli 78 kati ya 523 za nyama mbichi, katika wanyama 166 kati ya 804, na katika wagonjwa 16 kati ya 1,322 wa hospitali. Soma tena takwimu hizo kwa mpangilio wake: mnyama asilimia 21, nyama asilimia 15, mgonjwa asilimia 1. Mteremko huo ndio uliowashtua watu, kwa sababu ulionyesha chemchemi iko upande gani.

Kazi ya mcr-1 ni nyepesi kueleza. Kolistini ina chaji chanya na hunasa kwenye lipidi A, sehemu ya ukuta wa nje wa bakteria yenye chaji hasi. Kimeng'enya kinachotokana na mcr-1 hubandika fosfoethanolamini juu ya lipidi A, chaji hasi inapungua, na kolistini inakosa pa kushika.

China ilisitisha kolistini kama kikuzaji, yaani dawa ya kunenepesha mifugo, kuanzia 30 Aprili 2017. Uzalishaji wa kolistini ya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo ulishuka kutoka tani 27,170 mwaka 2015 hadi tani 2,497 mwaka 2018. Kiwango cha mcr-1 kwa nguruwe kikashuka kutoka asilimia 34.0 mwaka 2015 hadi 2016, kikawa asilimia 5.1 mwaka 2017 hadi 2018. Kwa kuku kutoka 18.1 hadi 5.0. Kwa hiyo usugu unaweza kurudi nyuma. Lakini umerudi nyuma kwa miaka, kwa nchi nzima, na haujafika sifuri. Lebo ya pakiti haiwezi kukufanyia hivyo kwa wiki moja.

Kuacha dawa moja nako hakutoshi kila mara. Denmark walipiga marufuku avoparcini, antibiotiki iliyotumika kama kikuzaji, mwaka 1995, kwa sababu ilikuwa ikizalisha Enterococcus, bakteria wa matumbo, walio sugu kwa vankomaisini, antibiotiki ya hospitali. Kwa kuku wa nyama matokeo yalikuwa mazuri sana: usugu kati ya Enterococcus faecium ulishuka kutoka asilimia 72.7 mwaka 1995 hadi 5.8 mwaka 2000. Kwa nguruwe, miaka ikapita hakuna kilichobadilika. Walipochunguza wakakuta jeni ya vanA, inayoleta usugu huo, inakaa kwenye plasmidi moja na erm(B), jeni ya usugu kwa antibiotiki za kundi la makrolaidi, na nguruwe walikuwa bado wanalishwa tailosini, ambayo ni makrolaidi. Kila kilo ya tailosini ilikuwa ikimtunza vanA bila mtu kukusudia. Matumizi ya tailosini kama kikuzaji yalipokoma mwaka 1998 ndipo vanA naye akaanza kupungua. Jambo hili linatokea pia kwa madini: shaba na zinki nyingi kwenye chakula cha nguruwe hutunza jeni za usugu zilizopanga nyumba moja na jeni za kustahimili madini. Umoja wa Ulaya uliondoa zinki oksidi ya kiwango cha tiba kwa watoto wa nguruwe mwaka 2022, na hilo lilikuwa mojawapo ya sababu.

Baharini na mabwawani

Watu hudhani maji hupokea tu uchafu wa nchi kavu. Ni zaidi ya hapo. Jeni ya qnrA, inayopunguza nguvu ya dawa za kundi la siprofloksasini na enrofloksasini, asili yake ni kromosomu ya Shewanella algae, bakteria wa majini. Mcr-3, ndugu wa mcr-1, inafanana sana na jeni za Aeromonas, ambao ni wenyeji wa maji baridi na wa matumbo ya samaki. Maji ni ghala la jeni hizi tangu kabla ya binadamu kutengeneza dawa yoyote. Tunachofanya sisi ni kumwaga dawa ghalani, na jeni inayokaa kwa bakteria asiyedhuru inaruka kwenda kwa anayedhuru.

Kwenye bwawa la kamba dawa huchanganywa na chakula. Kamba hula polepole, chembe zinalowa, na sehemu kubwa ya oksitetrasaiklini inaishia majini au inapita tumboni bila kufyonzwa. Kwenye maji ya chumvi inashikana na magnesiamu na kalisi, nguvu yake inapungua, mfugaji anaona kamba hawaponi, anaongeza kipimo. Dawa iliyoshikana huzama kwenye tope, na topeni ndiko bakteria wengi waliko.

Chaza na kome ni hatari kwa njia nyingine. Wao huchuja maji kutwa, wanakusanya bakteria mwilini, na watu wengine huwala wabichi. Sheria za Ulaya hudai angalau asilimia 80 ya sampuli za chaza wa eneo la daraja A zisizidi E. coli 230 kwa gramu 100 za nyama na maji ya ndani ya gamba. Kuwaweka kwenye matangi ya maji safi kwa siku mbili huwaondolea E. coli vizuri, ila Vibrio, bakteria wa maji ya chumvi, hung'ang'ania, nao pia hubeba jeni za usugu. Ukipima E. coli peke yake baada ya kusafisha, utaona kazi imekamilika kumbe nusu bado.

Na kuna kosa la tafsiri linalojirudia sana. E. coli ni bakteria wa matumbo ya viumbe wenye damu moto. Kwa sato au kamba si mwenyeji. Ukimkuta E. coli sugu kwenye kamba wa mezani sokoni, huwezi kusema bwawa ndilo lililomzalisha. Anaweza kuwa ametoka kwenye mtaro unaomwagika ufukweni, kwenye barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu, kwenye ndoo, kwenye mikono. Chukua sampuli mahali panaposhushwa samaki, chukua nyingine mezani, na chukua ya barafu yenyewe iliyoyeyushwa. Bila hizo tatu, maelezo yako juu ya chanzo ni kubahatisha.

Jinsi ya kuwatafuta maabara

Kutafuta E. coli sugu kwa kuku, chukua sika nzima ikiwa imefungwa kwa uzi, iweke kwenye mfuko safi, kwenye barafu, na ianze kufanyiwa kazi ndani ya saa 24. Usufi wa sakafu ya banda au wa meza ya mchinjaji una maana yake, lakini hauzungumzi juu ya kuku yule.

Swali la kujiuliza kabla ya kufungua chupa ni hili: unataka kujua kama wapo, au ni wangapi? Kama ni kuwepo tu, weka gramu 1 ya kinyesi cha sika kwenye mililita 9 za maji ya peptoni yenye bafa, au gramu 25 za nyama au kamba kwenye mililita 225. Inkubeta nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 22, kisha chota mikrolita 10 kwa kitanzi, chora kwenye agari ya MacConkey (sahani ya kukuzia bakteria) yenye sefotaksimu, antibiotiki ya kundi la sefalosporini, miligramu 1 kwa lita, uweke nyuzi 44 kwa saa 18 hadi 22. Joto hilo la 44 huwapunguza wageni wengi. Njia hii inanasa hata bakteria wachache mno, na ndiyo maana haifai kuhesabia: kuku mwenye kumi na kuku mwenye milioni wote watatoka "chanya".

Kuhesabu, panda moja kwa moja bila kuwakuza kwanza. Utaratibu wa Tricycle wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2021, hutumia agari ya TBX, inayowatia E. coli rangi, yenye sefotaksimu miligramu 4 kwa lita, sambamba na TBX isiyo na dawa. Makoloni ya E. coli huwa ya bluu au bluu-kijani. Ukipata makoloni 40 kwenye sahani yenye dawa na 200 kwenye isiyo na dawa, kwa uzimuaji (kiasi cha kuchanganya sampuli na maji) uleule, asilimia 20 ya E. coli wa kuku huyo wanaistahimili sefotaksimu. Takwimu hiyo inasema mambo mengi kuliko neno "chanya".

Sefotaksimu ndipo maabara nyingi zinapoharibikiwa. Ukiimwaga kwenye agari yenye moto mkali, dawa inaharibika na kila kitu kinaota. Subiri agari ishuke hadi kama nyuzi 50. Tengeneza mchanganyiko mama wa miligramu 1 kwa mililita, ugawe kwenye vijichupa vidogo, ugandishe, na ukishayeyusha kijichupa usikirudishe kwenye friza. Mililita 1 ya mchanganyiko huo ndani ya lita moja ya agari inakupa miligramu 1 kwa lita. Sahani zikae kwenye friji, gizani, zisizidi wiki mbili. Kila kundi la sahani lipimwe kwa E. coli ATCC 25922, aina ya marejeo isiyo sugu, ambaye hapaswi kuota, na kwa aina moja yenye ESBL, yaani vimeng'enya vinavyovunja sefalosporini, ambayo lazima iote. ATCC 25922 akiota, tupa sahani zote, hata kama sampuli zimeshapandwa.

Thibitisha ESBL kwa kidonge cha karatasi chenye sefotaksimu mikrogramu 30 na kingine chenye asidi ya klavulaniki mikrogramu 10 juu ya hizo 30. Fanya vilevile kwa seftazidimu. Duara lisiloota bakteria kuzunguka kidonge likiongezeka milimita 5 au zaidi kwa sababu ya klavulaniki, ni ESBL. Lisipoongezeka na bakteria akawa sugu kwa sefoksitini pia, fikiria AmpC, kundi jingine la vimeng'enya vinavyovunja sefalosporini, kama vile CMY-2.

Kolistini haipimwi kwa vidonge vya karatasi. Molekuli yake ni kubwa, haisambai vizuri kwenye agari, na duara la bakteria sugu linaweza kufanana na la asiye sugu. Matokeo ya kolistini yaliyopatikana kwa kidonge yasiandikwe popote. Tumia uzimuaji kwenye mchuzi wa Mueller-Hinton uliorekebishwa kalisi na magnesiamu, chumvi ya salfeti ya kolistini, sahani za polistaireni zisizopakwa chochote, wala usiongeze polisobati 80. Kwa EUCAST, kamati ya Ulaya ya vipimo vya usugu, E. coli anayehitaji zaidi ya miligramu 2 kwa lita ni sugu. ATCC 25922 atoke kati ya 0.25 na 2, na NCTC 13846, aina ya marejeo yenye mcr-1, azungukie 4.

Kwa jeni zenyewe, zinazotafutwa kwa PCR (kipimo kinachozidisha kipande cha DNA hadi kionekane), kuchemsha kunatosha kutoa DNA: koloni mbili tatu kwenye mikrolita 200 za maji safi, dakika 10 kwenye nyuzi 95 hadi 100, zungusha kwenye sentrifuji, chukua mikrolita 2 za maji ya juu kwa PCR ya mikrolita 25. Kwa mcr-1, vianzishi CLR5-F (CGGTCAGTCCGTTTGTTC) na CLR5-R (CTTGGTCGGTCTGTAGGG) hutoa kipande cha jozi 309. Weka kidhibiti chanya, kidhibiti hasi, na jeni ya uidA ya E. coli kwenye mrija wa pembeni, ili "hasi" isije ikawa ni DNA iliyoshindwa kutoka.

Kwa samaki na kamba ongeza tahadhari mbili. Kwanza, Aeromonas, Shewanella na Vibrio wanaweza kuota kwenye sahani zako, kwa hiyo kila koloni ipite kipimo cha oksidesi, ukitoa bakteria kwenye agari isiyo na dawa wala sukari na ukitumia kijiti cha mbao au plastiki. Oksidesi ikichukuliwa moja kwa moja kutoka MacConkey inadanganya, kwa sababu ya asidi ya laktosi. E. coli ni hasi. Hao watatu ni chanya. Pili, usifanye PCR ya qnrA kwenye DNA ya kamba mzima ukaiita usugu. Shewanella wa kawaida tu atakupa mstari mzuri kwenye jeli, naye amezaliwa nayo.

Kuwepo kwa jeni si usugu, na kukosekana kwake si usalama. Jeni inaweza kukatizwa katikati na kipande kingine cha DNA ikafa. Na bakteria anaweza kuwa sugu kwa kolistini bila mcr yoyote, kwa mabadiliko kwenye pmrA au pmrB. PCR na uzimuaji viende pamoja kila mara.

Bandani

Soma lebo za pakiti zinazouzwa kama vitamini za kuongeza mayai. Nyingine zina oksitetrasaiklini, neomaisini au kolistini, na mtu anawapa kuku kila wiki akidhani ni lishe. Kideri na gumboro ni virusi, antibiotiki haivigusi. Chanjo ya I-2 ya kideri, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu hadi minne, huokoa kuku wengi ambao wangeishia kumiminiwa dawa bure.

Dawa ikihitajika, na daktari wa mifugo ameiandika, ipimwe kwa uzito wa kuku, si kwa kijiko na ndoo. Tuseme maelekezo ni miligramu 20 kwa kilo kwa siku. Kuku 500 wa kilo 1.5 ni kilo 750, kwa hiyo gramu 15 za dawa halisi, yaani gramu 75 za unga wa asilimia 20. Gawanya hizo kwenye maji wanayokunywa kwa siku, uliyoyapima jana. Kipimo cha "kijiko kwa ndoo" kinaharibika kwa sababu siku ya joto kali kuku wanaweza kunywa maradufu, na kuku mgonjwa sana hanywi. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi na chakula cha mayai chenye kalisi hushikana na oksitetrasaiklini tumboni. Inayofyonzwa inapungua, inayobaki utumboni inaendelea kuchagua sugu.

Mbolea ndiyo njia kubwa ya jeni kutoka bandani. Maranda na kinyesi virundikwe, unyevunyevu wa asilimia 50 hadi 60, joto la katikati lifike nyuzi 55 na kuendelea kwa siku 15, na rundo ligeuzwe angalau mara tano ili ubaridi wa pembeni nao uingie katikati. Likinuka amonia sana, ongeza maranda au majani makavu. Lisipopata moto, mara nyingi ni dogo mno au kavu mno. E. coli hufa kwenye joto hilo. Baadhi ya jeni, hasa sul1 na intI1, zinaweza kuonekana bado kwenye PCR baada ya hapo, kwa hiyo mbolea iliyoiva ni bora zaidi, si safi kabisa.

Wale waliojenga banda juu ya bwawa la sato wanapaswa kujua kwamba kuku wakiwa kwenye kozi, dawa na bakteria sugu vinadondoka pamoja kwenye maji yenye Aeromonas. Kama banda haliwezi kuhamishwa, tandika turubai chini ya sakafu tangu siku ya kwanza ya dawa hadi wiki kadhaa baada ya kozi, na kinyesi cha kipindi hicho kiende kwenye rundo lake peke yake, mbali na bwawa na mbali na bustani ya mchicha.